Nairobi, Mombasa hadi Wundanyi kwa Prado ya 1998: super ya kawaida au oktani 95?

Risiti za vituo vya petroli hufifia upesi, kwa hiyo nimezipanga mezani pamoja na picha na daftari la mdogo wangu kabla wino haujapotea wote. Yeye ndiye aliyekaa kiti cha mbele akiandika kilomita, saa na lita. Mama alikaa nyuma na kapu la chakula. Safari ilikuwa yake hasa: alitaka kuwaona wajukuu Mombasa, kisha apande Taita kumjulia hali dada yake, mama mkubwa wetu, aliye Wundanyi.

Gari ni Toyota Prado ya mwaka 1998, toleo la 95 (namba ya toleo, si ya petroli), mtumba wa Japani, injini ya petroli 5VZ-FE ya silinda sita, cc 3,378, otomatiki ya gia nne, tangi la lita 90. Mwenye gari kama hili huambiwa kila mahali kwamba likila mafuta sana alinyweshe petroli ya bei ghali, ile ya oktani 95, badala ya super, petroli yetu ya kawaida ya pampuni (oktani ni nini nitaeleza mbele). Nilitaka kulipima jambo hilo kwa pesa yangu na barabara ndefu, kwa sababu tofauti ya bei si ndogo na wengi wetu tunaomiliki magari ya umri huu tunahesabu kila lita.

Alhamisi, Februari 20, 2025: Mlolongo hadi Voi

Tulitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kujaza tangi Mlolongo. Nilikuwa nimeondoa keria ya paani siku iliyotangulia, maana haikuwa na mzigo na kazi yake ingekuwa kupigana na upepo tu. Tairi nilizipima zikiwa baridi na kuzijaza upepo kama kibandiko cha mlangoni kinavyoagiza kwa gari lenye abiria na mizigo. Filta ya hewa ilikuwa mpya.

Ukitaka kupima ulaji wa mafuta, usitegemee mshale. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, kisha simama hapo hata kama mhudumu anataka kukukamilishia shilingi. Andika kilomita. Ukijaza tena, fanya vile vile, na gari liwe limesimama pahali tambarare. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo ulizochoma. Gawanya kilomita kwa lita hizo.

Super ilikuwa karibu shilingi 177 kwa lita. EPRA, mamlaka ya serikali inayopanga bei za mafuta, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi na bei huanza kutumika usiku huo, kwa hiyo ukiwa na safari katikati ya mwezi, subiri tangazo kwanza. Mombasa huwa nafuu kwa shilingi kadhaa kwa sababu mafuta hushukia bandarini na Nairobi hulipia gharama ya bomba la kuyapandisha huku juu.

Kutoka Athi River hadi Salama ni malori, matuta na subira. Nilishika mwendo wa 80 hadi 85 na sikuutoa. Kwa gari lenye umbo la kabati, kutoka 85 kwenda 110 hugharimu mafuta mengi kuliko kitu chochote utakachobadilisha kwenye pampu, kwa kuwa ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo. Waliotupita kwa kasi Sultan Hamud tuliwakuta kwenye foleni ya Emali.

Makindu tulisimama kwenye hekalu la Masingasinga. Lilijengwa mwaka 1926, na msafiri yeyote hupewa chakula bila kulipa na bila kuulizwa dini yake. Unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa unachopewa mlangoni, unanawa, unaketi. Tulikula chapati, dengu na wali, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Mzee aliyekuwa akigawa chapati aliona mama anashuka sakafuni kwa shida ya magoti, akaleta kiti mwenyewe na kumwambia, "Kaa hapa, mama, Mungu haangalii umekaa wapi." Kuna kisanduku cha sadaka; tieni kitu, chakula hicho hulisha madereva wengi wa malori.

Toka hapo hadi Voi ni mbuyu, vumbi na jua. Mshale ulikuwa bado juu ya nusu tulipoingia Voi. Chumba cha vitanda vitatu, shilingi 3,000, maji ya moto yapo, chandarua kina matundu. Bebeni chenu.

Ijumaa, Februari 21: Voi hadi Mombasa

Asubuhi chai na mandazi, kisha barabara. Mackinnon Road tulisimama kando ya msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, ambaye husimuliwa kuwa alikuwa nyapara wa wajenzi wa reli. Mama si Mwislamu, lakini baba yetu, dereva wa trela miaka mingi, hakupita hapo bila kusimama, naye anaendeleza.

Mariakani kulikuwa na msururu wa malori ya mizani, tukatambaa karibu saa nzima na kiyoyozi kikiwaka. Tulipotoka kwenye msururu na kukanyaga mafuta, taa ya injini ikawaka manjano. Gari halikuzima wala kutetema. Lakini lilikataa gia ya nne. Kwa mwendo wa 90, injini iliyokuwa ikizunguka elfu mbili na kidogo kwa dakika sasa ilikuwa karibu elfu tatu, na kila mwinuko wa Mazeras ulihitaji mguu zaidi. Joto la injini lilikuwa sawa, oili sawa, maji sawa. Nikaamua tuendelee polepole.

Changamwe tulipita matangi ya kiwanda kilichokuwa kikisafisha mafuta ghafi, ambacho kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Mdogo wangu hakuwa na habari kwamba petroli ya zamani ilikuwa na risasi, yaani madini ya lead, ndani yake. Nikamweleza kwamba risasi ilitiwa kuongeza oktani kwa bei rahisi, na Kenya ikaiacha kufikia mwaka 2006 kwa sababu ya sumu yake, hasa kwa ubongo wa watoto.

Tulijaza tangi mjini. Kutoka Mlolongo: kilomita 463, lita 60. Ni kilomita 7.7 kwa lita, na hiyo ni njia ya kuteremka kutoka zaidi ya mita elfu moja na mia tano hadi usawa wa bahari. Nilitarajia zaidi ya nane. Kipande cha mwisho kilikuwa kimeharibu hesabu.

Hapo ndipo mhudumu wa pampu alipoona taa ya manjano. "Mkubwa, wekea hii ya 95. Itasafisha, na taa itazima yenyewe." Kwa kuwa kujaribu 95 ulikuwa mpango wangu tangu nyumbani, na tangi lilikuwa limeshuka vya kutosha, nilikubali. Lita 60 za oktani 95 kwa karibu shilingi 195 moja. Kama shilingi 1,300 juu ya bei ya super kwa tangi moja. Kwa kuwa lita 30 za super zilibaki chini, mchanganyiko ulikuwa kama oktani 94.

Jumamosi, Februari 22: Mombasa, Kilifi na kurudi

Kifungua kinywa Mji wa Kale: mahamri na mbaazi za nazi, shilingi 120 kwa mtu, na kahawa chungu. Jua la Februari pwani halina huruma, na saa tatu asubuhi usukani ulikuwa haushikiki.

Tulienda Kilifi kuwaona wajukuu waliokuwa kwa upande wa pili wa familia. Foleni ya Mtwapa ilikuwa ile inayojulikana. Gari halikubadilika hata kidogo. Taa ilikuwa pale pale, gia ya nne haikupatikana, na nguvu ilikuwa ile ile ya jana. Nikitembea nalo hivyo, nilipata muda wa kutosha kumweleza mdogo wangu oktani ni nini, na ninaiandika hapa kwa sababu nimesikia maelezo mengi ya kupotosha.

Oktani haipimi nguvu iliyomo ndani ya petroli. Inapima jinsi petroli inavyovumilia kubanwa na kupashwa moto bila kujiwakia kabla ya wakati wake. Pistoni inapopanda hubana hewa na petroli, plagi huwasha, na moto husambaa kwa mpangilio. Petroli yenye oktani isiyofaa kwa injini hiyo hulipuka pembeni kabla moto wa plagi haujafika, na hapo unasikia mlio wa kokoto ndani ya kopo unapopanda mlima na mguu umekanyaga. Mlio huo, ndio kugonga kwa injini, ukiachwa hula pistoni na gasketi.

Injini inayobana sana, au yenye tabo (turbo, kifaa cha kushindilia hewa ndani ya injini), huhitaji oktani ya juu. 5VZ-FE hubana kwa uwiano wa 9.6 kwa 1 na haina tabo. Japani, ilikotengenezewa, iliagizwa itumie petroli yao ya kawaida, na kiwango cha chini cha petroli hiyo ni oktani 89. Super yetu ni 93. Kwa hiyo kila lita ya super ninayoweka tayari iko juu ya kile injini iliomba ilipozaliwa.

Jihadharini na vitabu vya Marekani. Wengi husoma kitabu cha 4Runner, Toyota nyingine ya injini hii hii, wanaona oktani 87, kisha wanadhani petroli yetu ya 93 ni ya hali ya juu mno. Marekani hutumia wastani wa vipimo viwili vya oktani: RON, injini ya majaribio ikifanya kazi nyepesi, na MON, ikifanya kazi ngumu, ambacho hutoa namba ndogo. Sisi hutumia RON peke yake. Ile 87 yao ni kama 91 au 92 yetu.

Halafu kuna mwinuko. Nairobi kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 tu ya ile ya pwani. Silinda hujaa hewa kidogo, hubana kidogo, na injini hugonga kwa nadra. Teremka Mombasa mwezi wa pili, hewa nzito na moto, na gari lile lile ambalo halijawahi kulalamika Lang'ata linaweza kuanza kugonga kwenye mlima wa Mazeras. Ndiyo maana majimbo ya milimani kule Marekani huuza petroli yenye namba 85, namba ambayo huikuti kwenye pampu za miji ya pwani yao. Mtu wa Nairobi anayeteremka pwani na injini yenye masizi mengi ana sababu ya kweli ya kununua 95 kwa safari hiyo. Mimi sikuwa nasikia kokoto yoyote. Gari langu lilikuwa na ugonjwa mwingine.

Jioni viazi karai na ukwaju pale Mama Ngina, kando ya bahari, mama akasema miguu imepona kwa upepo wa bahari.

Jumapili, Februari 23: Mombasa hadi Voi, na fundi wa baada ya ibada

Maungu nilisimama kulipumzisha gari na kufungua boneti. Dereva wa trela aliyekuwa akinywa chai kibandani alikuja bila kuitwa. Alisikiliza injini, akauliza kuhusu gia ya nne, akatikisa kichwa. "Hizi V6 nazijua, bosi wangu wa kwanza alikuwa nayo. Usibadilishe kitu chochote hapa njiani." Akampigia simu fundi mmoja wa Voi, akanipa nizungumze naye, na akakataa hata soda.

Fundi alitukuta kwenye kivuli cha mwarobaini karibu na stendi, ametoka kanisani na shati jeupe la mikono mirefu, akalikunja viwiko. Alimwamkia mama kwanza, shikamoo, na kumtafutia benchi. Kisha hakugusa spana yoyote. Alifungua kisanduku cheusi cha plastiki ndani ya boneti, chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Akachukua kipande cha waya kilichomenywa ncha mbili, akaunganisha tundu la TE1 na la E1, akaniambia nifungue swichi bila kuwasha injini na nihesabu taa ya manjano.

Taa ikakonyeza mara tano. Ikatulia. Ikakonyeza mara mbili. Ikatulia kwa muda mrefu zaidi, kisha ikaanza tena: tano, mbili.

"Hamsini na mbili," akasema. "Noki sensa."

Injini hii ina sensa mbili zilizofungwa kwenye bonde kati ya vichwa vya silinda, chini ya manifoldi ya hewa. Kazi yao ni kusikiliza mlio wa kugonga. Kompyuta husogeza cheche ya plagi mapema kadiri inavyoweza, na ikisikia injini inagonga huirudisha nyuma kidogo. Huko mapema ndiko kunakopatikana nguvu na kilomita. Waya wa sensa ukikatika, kompyuta haina namna ya kujua kama injini inagonga, kwa hiyo huchagua usalama: inachelewesha cheche kabisa na kuifunga gia ya nne ili injini isibebeshwe mzigo mzito kwa mzunguko wa chini.

"Hata ukiiletea petroli ya ndege, kaka, haiwezi kukusaidia," fundi akasema. "Kompyuta imeshaamua."

Maneno hayo ndiyo jibu la safari nzima. Oktani ya ziada humfaidi mwenye injini inayoweza kuitumia, yaani ile ambayo kompyuta yake inazuiwa na kugonga kwa injini. Yangu ilikuwa inazuiwa na waya.

Alifuata waya kwa tochi mpaka nyuma ya injini, karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria, kwenye plagi ya kuunganishia. Plastiki ya waya ilikuwa imekauka kwa joto la miaka yote hii na kuvunjika kama tambi mbichi, sentimita chache kutoka kwenye plagi. Alikata sehemu mbovu, akaunga kwa kulehemu, akarudisha na kile kifuniko cha nyuzi za chuma kinachozuia waya usipokee makelele ya umeme wa plagi. Alisisitiza kwamba fundi akiunga waya huu kwa teipu tu bila kurudisha kifuniko hicho, taa itarudi. Akachomoa fyuzi ya EFI, ile ya kompyuta ya injini, kwa dakika moja, akairudisha. Tukawasha. Taa ikazima.

Alituambia wazi kwamba hii ni ya kutufikisha nyumbani: waya mzima na sensa zote mbili zibadilishwe Nairobi, kazi inayotaka manifoldi iondolewe. Alitoza shilingi 2,000. Wakati wote huo mke wake alikuwa amemchukua mama nyumbani kwao, akampa wali na kunde. Nilipotaka kulipa chakula alisema, "Hicho hakikuwa cha kuuza."

Nikajaza tangi Voi kwa super ya kawaida. Kilomita 295 tangu Mombasa, pamoja na Kilifi, lita 44. Ni 6.7 kwa lita, kwa petroli ghali kuliko zote nilizonunua mwaka huu.

Jumatatu, Februari 24: Voi hadi Wundanyi

Lami ya Voi kwenda Mwatate ni nzuri na tupu. Baada ya Mwatate barabara inaanza kupanda kwa kona kali, moja juu ya nyingine, na unapokata kona unaona mashamba ya mkonge yakizama chini. Hapa ndipo mahali pazuri pa kusikiliza injini: redio imezimwa, madirisha wazi, gari lina watu na magunia, mguu umekanyaga. Hatukusikia kokoto. Nguvu ilikuwa imerudi, nami tangini sehemu kubwa ilikuwa super, na kama theluthi moja masalio ya ile 95.

Ukipanda huko na otomatiki, toa gia ya nne kwa kitufe cha O/D ili isicheze juu chini, na ukiteremka tumia gia ya pili, usilale kwenye breki.

Mama mkubwa alitupikia kimanga, muhogo na maharagwe vimepondwa pamoja, na mboga ya kunde. Dada hao wawili walikaa barazani kushikana mikono mpaka giza likaingia. Jumanne tulipumzika.

Jumatano, Februari 26: Wundanyi hadi Mlolongo

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi na blanketi mabegani, baridi ya mlimani. Kuanzia Manyani hadi Kibwezi hakuna la kusimulia. Mtito Andei choo safi kilikuwa shilingi 20, na usinunue mafuta kwa wenye madumu kando ya barabara hata kama bei inavutia: petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hushusha oktani, na hapo hata injini mpole itagonga. Emali tulinunua machungwa na tikiti maji.

Mlolongo pampu ikajikata. Kilomita 408 tangu Voi, pamoja na kupanda Wundanyi na kurudi. Lita 52.3, shilingi 9,200 na kitu. Kilomita 7.8 kwa lita.

Linganisheni namba hizo. Kuteremka pwani, karibu njia yote gari likiwa zima, 7.7. Pwani kwa 95 na waya uliokatika, 6.7. Kupanda zaidi ya mita elfu moja kurudi Nairobi, kwa super (na masalio ya 95) na waya uliounganishwa, 7.8. Najua hiki si kipimo cha maabara. Foleni ya Mtwapa imo ndani ya ile 6.7. Lakini shilingi 2,000 za fundi wa Voi zimenirudishia kilomita ambazo shilingi 1,300 za oktani hazikuzigusa.

Kwa mwenye injini kama hii, ningeanza na kipande cha waya cha bure kwenye TE1 na E1, kisha plagi, filta ya hewa, upepo wa tairi na mguu wako mwenyewe. Ukishamaliza hayo na bado unasikia kokoto ukiwa pwani na mzigo, nunua 95 bila kujuta, kisha mwite fundi aangalie masizi, rejeta na taimingi (wakati wa cheche ya plagi).

Kirinyaga Road nimepata sensa mbili, waya wake na gasketi za manifoldi. Fundi wangu wa Nairobi ameniambia nimwachie gari siku nzima, na kwa kuwa manifoldi itakuwa nje, tutabadilisha na mipira ya maji iliyo chini yake, ambayo ni ya umri ule ule wa gari.